Mazulia ya Kumi la Mwisho

Kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 2024 lilimkuta dobi mmoja wa mazulia pale Magomeni, Bagamoyo, ana mazulia 43 uani na bomba 6 za kuanikia. Idi ilikuwa Aprili 10, na mvua haikuwa na dalili ya kukatika.

Kijana huyu nimemtunga, maana sitaki mtu mwenye jina lake na wateja wake anyooshewe kidole mtaani. Mvua sikuitunga. Masika ya mwaka ule yalikuja na mvua kubwa iliyohusishwa na El Niño, na Aprili 25 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha. Mbele ya msiba kama huo zulia si kitu. Hata hivyo, mtu aliyeweka akiba yake yote kwenye mashine na sabuni, kisha akapoteza jina lake ndani ya wiki moja, ana la kutufundisha, na makosa yake nayaona yakirudiwa kila mwaka kuanzia Tegeta mpaka Bagamoyo mjini.

Alianza kwa kuosha magari kando ya barabara. Alikuwa na mashine ya presha, simtanki la maji na vijana wawili wa kumsaidia. Wenye magari wakaanza kumletea makapeti ya sebuleni, kwanza moja moja, kisha kwa wingi. Nyumba zilikuwa zinaota Mapinga, Kerege na Zinga, watu wanahamia kutoka mjini Dar es Salaam na sebule zao kubwa na mazulia yao ya manyoya, na hakuna mama mwenye nyumba anayetaka kubeba kilo 30 za zulia hadi uani na kulisugua mwenyewe. Kijana akaona zulia moja linamlipa kuliko magari mawili. Akachukua TIN, akakata leseni ya biashara halmashauri, akaandikisha jina la biashara BRELA. Katika hayo yote alikwenda sawasawa, na wengi wanaoanza kazi hii hawafiki hata hapo.

Akiba ilipopatikana akanunua mashine ya pili ya presha. Anguko lake lilianzia hapo, miezi mitano kabla ya mvua.

Akiwa na mashine mbili aliweza kuosha mazulia 15 kwa siku, na akaanza kuwaambia watu hivyo: uwezo wangu ni 15 kwa siku. Uwezo wa dobi wa mazulia haupimwi kwa anayoyaosha. Kuosha ni kazi ya saa moja. Zulia la sufu la mita 3 kwa 4 likiwa kavu laweza kuwa na kilo 30 na ushei. Lioshe kwa presha, liache lichuruzike kidogo, kisha lipime tena. Kila kilo iliyoongezeka ni lita moja ya maji ambayo lazima itoke, na njia zake ni mbili tu: ikamuliwe, au ichukuliwe na upepo. Yanayokamuliwa hutoka kwa dakika. Yanayoachiwa upepo hutoka kwa siku, na siku hizo si mali yako, ni za Mungu na majira yake. Fedha ya ile presha ya pili ingeingia kwenye mashine ya kunyonya maji, feni mbili kubwa na bati za kuezekea upande mmoja wa ua, angekuwa na mazulia machache zaidi kwa siku na usingizi mwingi zaidi usiku.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na tabu hii. Walitandika mikeka ya ukindu na majamvi ya miyaa, vitu vinavyokung'utwa asubuhi, vikapanguswa kwa kitambaa, vikaegemezwa ukutani na kukauka kabla ya adhuhuri. Mazulia yalikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Ghuba na Uajemi, yakawa ya wachache, na mwenye nalo alilipiga kwa fimbo juani kulitoa vumbi. Kulilowesha lote lilikuwa jambo la nadra. Sisi tumepokea zulia kwa wingi tusipokee uangalifu wake. Na hapa niseme kitu ambacho madobi wengi wanakiruka kwa haraka ya kazi: kung'uta vumbi kabla ya maji ni nusu ya kazi. Mchanga wa pwani yetu ni mwingi na unazama mpaka kwenye mgongo wa zulia. Ukimwaga maji kabla ya kuutoa, umetengeneza tope, na tope hilo litakudai maji mengi kuliko yale uliyopanga, kisha siku za kuyakausha.

Kosa lingine lilikuwa kisimani. Maji ya DAWASA yakikatika, na hukatika, kijana alichota kwenye kisima cha jirani, na visima vingi vya karibu na ufukwe ni vya maji ya chumvi. Maji hayo hayatoi povu, kwa hiyo vijana waliongeza sabuni ya unga mara mbili. Sabuni isiyosuuzwa ikatoka yote inabaki kwenye nyuzi, nayo inanata, na zulia linachafuka upya ndani ya wiki mbili, mteja akidhani halikuoshwa kabisa. Chumvi ni mbaya zaidi. Kila mpishi wa pwani anajua chumvi ya mezani inavyolowa yenyewe masika yakianza. Chumvi iliyobaki ndani ya zulia inafanya vivyo hivyo: inavuta unyevu wa hewani, na zulia lililokwisha kukauka mchana linakuwa na majimaji tena alfajiri. Kama kisima ndicho maji pekee uliyonayo, tumia maji hayo kwa mkupuo wa kwanza wa kutoa tope, na uweke akiba ya maji yasiyo na chumvi ndani ya simtanki kwa ajili ya suuzo la mwisho. Bila akiba hiyo, siku hiyo usipokee zulia.

Basi Ramadhani ikaingia. Wiki mbili za mwanzo kazi ilikuwa ya kawaida. Kumi la mwisho lilipoingia, kila nyumba ilikumbuka kwa pamoja kwamba wageni wanakuja. Bodaboda zilileta mazulia yaliyokunjwa na kufungwa kamba kutoka Dunda, kutoka Kaole, kutoka Kiromo. Kirikuu moja ilileta 7 kwa safari moja. Kijana hakumkatalia mtu. Alipokea fedha kwa simu, akaandika jina la mteja kwenye karatasi, akaibana karatasi kwenye zulia kwa pini. Karatasi na maji!

Siku ya nne ya kumi hilo alikuja bibi mmoja, amefuatana na mjukuu aliyembebea zulia begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hili zulia marehemu mume wangu alilileta kutoka Maskati, mama yake huyu hajazaliwa. Utaliweza?"

"Bibi, nimeosha mangapi mimi! Kabla ya Idi litakuwa limeshatandikwa kwako."

"Sina haraka nalo sana. Nataka lisiharibike."

"Wala usijali, bibi."

Hakulifunua. Angelifunua na kuligeuza tu, zulia lingemweleza mambo mengi. La kufumwa kwa mkono linaonyesha mgongoni ua lile lile lililo usoni, fundo kwa fundo, na nyuzi za pindoni ni mwendelezo wa nyuzi za ndani, hazikushonewa baadaye. La kiwandani mara nyingi lina kitambaa cha pili kilichobandikwa kwa gundi mgongoni. Kisha lipo jaribio la moto, ambalo kila dobi alijue kama anavyojua jina lake. Chomoa uzi mmoja mahali pasipoonekana, ushike kwa kibano, uwashe mbali na zulia. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazimika wenyewe, linabaki jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Pamba na juti zinanuka karatasi iliyoungua. Nyuzi za plastiki zinayeyuka na kuacha kitone kigumu. Kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayokwambia kama jiki ni ruhusa au ni haramu, kwa sababu jiki inaila sufu yenyewe, haiishii kwenye doa.

Jaribio la rangi nalo ni rahisi. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba kwa maji yenye sabuni ile ile utakayotumia, kikandamize juu ya kila rangi moja moja, kwanza nyekundu, kisha buluu iliyoiva, kisha nyeusi. Hesabu pumzi zako hapo, usikiinue upesi. Kikitoka na wekundu, zulia hilo halipigwi presha wala halilazwi na maji hata usiku mmoja. Linafutwa kwa kitambaa chenye maji machache na siki kidogo, linanyonywa maji papo hapo, na linapulizwa feni mpaka likauke. Au unamrudishia mwenyewe na kumwambia ukweli: hili linahitaji mtu mwingine.

Zulia la bibi lilipigwa presha pamoja na mengine. Saa kumi jioni mvua ikashuka. Bomba 6 zilikuwa zimejaa, na mazulia yaliyokuwa juu yake yakalowa upya. Mengine yaliyokwisha kuoshwa, zaidi ya 20, yalikunjwa mabichi na kurundikwa ndani ya chumba cha stoo, moja juu ya jingine, mlango ukafungwa ili wezi wasiyaguse. Mvua ilinyesha usiku kucha na kesho yake na kesho kutwa.

Siku mbili zinatosha kwa ukungu kuota kwenye zulia bichi lililofungiwa. Lakini ukungu ulikuwa mwanzo tu. Mazulia yenye mgongo wa juti yalitoa madoa ya kahawia juu ya manyoya, kwa sababu maji yanapopanda polepole kutoka chini huja na rangi ya juti, na yanapokauka juu huiacha hapo. Yale ya gundi mgongo uliachia, kitambaa kikabanduka kwa vipande. Katika zulia la bibi, wekundu ulihamia kwenye meupe, ua zima likafunikwa na rangi ya waridi. Rangi dhaifu haichuji sana zulia likiloweshwa na kukaushwa mara moja. Inachuja likikaa na maji. Kila hasara iliyotokea katika stoo ile, ukiifuatilia mpaka mwisho, unakuta ni maji yaliyochelewa kutoka.

Mpaka hapo alikuwa amekosea kazi. Kilichofuata kilikuwa kosa la namna nyingine, na ndicho kilichomwangusha. Wateja walipopiga simu aliwaambia, "Liko tayari, linamaliziwa pasi tu," na zulia halipigwi pasi. Siku mbili kabla ya Idi alinunua marashi, akayapulizia mazulia yenye uvundo, akawapa bodaboda wayapeleke majumbani yakiwa bado na maji tumboni. Ukiliweka zulia bichi juu ya sakafu ya saruji au ya vigae umelifungia maji yake chini. Asubuhi ya Idi, katika nyumba moja ya Zinga, wageni walirudi kutoka kuswali wakaketi, na mmoja wao aliponyanyuka kupokea sahani ya pilau, kanzu yake nyeupe ilikuwa na duara jekundu nyuma. Mji wa Bagamoyo si mkubwa. Kufikia Idi Pili habari ilikuwa imefika kwa watu ambao hawajawahi kumiliki zulia.

Walikuja kudai. Mmoja alisema doa la mafuta halikuwepo, mwingine alisema lake lilikuwa na mashada kila pembe. Inawezekana nusu yao walikuwa na haki na nusu walikosea, lakini kijana hakuwa na daftari, wala picha, na zile karatasi za pini zilikuwa zimekwisha kuwa uji. Hapa sina maneno mengi: simu uliyonayo mfukoni ina kamera. Lifunue zulia mbele ya mwenyewe, lipige picha mbele na nyuma, mwonyeshe kila doa na kila tundu la kaa la chetezo, liandike, mpe nakala. Namba iandikwe kwa wino usiofutika kwenye kipande cha turubai, ishonwe pembeni kwa uzi. Ni dakika kumi za mapokezi.

Kwa bibi alikwenda mwenyewe, miguu mizito, zulia begani. Bibi alilifunua barazani, akalitazama kwa muda, akauliza:

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, bibi."

"Ungenipigia usiku ule ule wa mvua, ningemtuma mjukuu aje alichukue bichi hivyo hivyo. Nina baraza, nina feni, nina wajukuu sita. Tungelianika sisi."

Katika maneno hayo ya bibi pana biashara nzima. Mteja aliyeambiwa mapema anakuwa mwenzako wa kutafuta njia. Kijana alikuwa na simu, alikuwa na namba za watu 43, na usiku wa kwanza wa mvua mazulia yote yalikuwa bado mazima. Angeweza kuwaambia waje wayachukue, awarudishie fedha zao, na hasara yake ingekuwa sabuni na mafuta ya jenereta. Alichagua kuilinda ahadi yake mpaka ikaoza.

Aliuza mashine moja kulipa fidia. Nyingine alibaki nayo na akarudi kwenye magari kwa msimu mmoja. Aliporudi kwenye mazulia alirudi na hesabu ambayo ningependa kila anayetaka kuingia kazi hii aifanye kabla ya kununua hata brashi. Bomba 6 za chuma, kila moja zulia moja kubwa, bila kulikunja mara mbili wala kulining'iniza kwenye kamba inayoliachia mkunjo. Kwa hali ya ua wake, zulia lilihitaji siku 2 wakati wa kusi na siku 4 wakati wa masika. Kumi moja la Ramadhani ndani ya masika ni mizunguko miwili na nusu ya bomba zile. Nusu haihesabiwi, kwa sababu zulia lililokauka nusu ndilo hilo la Zinga. Miwili mara 6 ni 12. Angepokea mazulia 12, akawakataa watu 31 kwa adabu, angekuwa na jina mpaka leo.

Kukataa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, najua. Mtu amekuja na fedha mkononi, na mvulana wa jirani mwenye ndoo na brashi yuko tayari kumpokea. Lakini ipo njia ya kuwafanya waje mapema. Tangaza kazi tangu Rajabu, na weka bei nafuu kwa atakayeleta zulia kabla ya vunja jungu, kisha bei ipande Ramadhani ikiingia, na kumi la mwisho pokea tu yale unayoweza kuyanyonya maji na kuyapuliza ndani ya banda. Mazulia ya msikiti yaliyotandikwa ukuta kwa ukuta usiyabandue kuyapeleka uani kwako. Yafanyie kazi pale pale, safu kwa safu, kwa maji machache na mashine ya kunyonya, kati ya isha na alfajiri, madirisha wazi. Hoteli za ufukweni nazo zitakutaka uzioshee kwa mali kauli ya mwezi au miezi miwili. Zikubali tu kama una akiba ya kuwalipa vijana wako katika kipindi hicho.

Na anayeanza leo aangalie kalenda mbili kwa pamoja. Mwaka wa Kiislamu unarudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kawaida, masika yetu yanabaki pale pale kati ya Machi na Mei. Idi el Fitri, iliyomkuta kijana wetu Aprili, inaondoka kwenye mvua: mwaka 2028 itaangukia mwishoni mwa Februari, na 2029 katikati ya Februari, wakati kaskazi bado inavuma na jua ni kali. Idi ya Kuchinja ndiyo inayoingia. Itakuwa mwanzoni mwa Mei mwaka 2028, wiki ya mwisho ya Aprili mwaka 2029, na karibu katikati ya Aprili mwaka 2030, mwezi ukiandama kama hesabu zinavyosema. Madobi waliozoea kuona Idi ya Kuchinja inaangukia kwenye upepo wa kusi, zulia likikauka lenyewe wakati wao wamekaa kivulini, watakutana na mvua. Bati, nguzo na feni hununuliwa Julai na Agosti, mafundi wakiwa na nafasi na ua ukiwa mkavu.